Fanani ni Nani? Wimbo wa Safari wa Askari wa KAR Ng'ambo, 1942-1945

Vita Vikuu vya Pili vina mahali pake katika ushairi wa Kiswahili, na mahali hapo pamekaliwa na Shaaban Robert. Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa 1967, miaka mitano baada ya kufa kwa mtunzi, una beti zinazokaribia 3,000, na wasimulia vita hivyo tangu 1939 hadi 1945, bara kwa bara na jemadari kwa jemadari. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika. Hakwenda vitani. Alivitazama vita kutoka mbali kwa jicho la mtu aliyesoma habari, akazipima habari hizo kwa mizani minane na vina vya utenzi. Hatumlaumu kwa hilo, kwani mtenzi hahitaji kushika bunduki ili atunge. Lakini katika miaka ileile maelfu ya wasemaji wa Kiswahili walikuwa Bukini, Ceylon na Burma wakiwa wamevaa sare za King's African Rifles, yaani KAR, ambao watu wa kwetu waliwaita Keya, na watu hao waliimba. Waliimba wakitembea, waliimba kambini jioni, na baadhi yao waliimba jukwaani kwa amri. Kuhusu utenzi wa karani aliyebaki nyumbani tumeandika tasnifu kadha wa kadha. Kuhusu nyimbo za waliokwenda, idara zetu za fasihi zimeandika kidogo mno.

Walioziandika ni wanahistoria. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya ngoma na jamii Afrika Mashariki, aliifuata ngoma ya beni tangu Pwani ya Kenya hadi ndani kabisa ya bara. Anthony Clayton, aliyefundisha katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, alichapisha mwaka wa 1978 utafiti mfupi juu ya nyimbo za askari Waafrika, na jina alilolipa lasema wazi alichokiona ndani yake: nyimbo ni njia ya kupitishia utii mpya. Kazi zote mbili ni za thamani, na bila hizo makala haya yasingeandikika. Hata hivyo, mwanahistoria huutazama wimbo kama dirisha la kuchungulia kitu kingine. Akishaona alichokitaka, dirisha halimshughulishi tena. Sisi tunaodai kuwa wahakiki wa fasihi tuna wajibu wa kulitazama dirisha lenyewe, na hasa kuuliza swali ambalo Mulokozi (1989), katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika Mulika, alitufundisha kuliuliza kabla ya yote: fanani ni nani, hadhira yake ni nani, na tukio ni lipi?

Tunadai hapa kuwa wimbo wa safari wa askari wa KAR una umbo ambalo fasihi andishi ya vita haikuweza kuwa nalo, kwa sababu una hadhira mbili kwa wakati mmoja, na moja ya hadhira hizo ndiyo fanani mwenyewe. Katika umbo hilo ndimo ilimo furaha yake, na maana yake pia.

Tuanze na tukio. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilipigana Bukini, yaani Madagascar, mwaka wa 1942. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, iliundwa 1943, ikafanyia mazoezi Ceylon, kisha ikapelekwa Burma katikati ya 1944. Safari yenyewe ya baharini ilikuwa hatari: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wenzao waliofika Burma waliteremka Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za kusi, katika nchi ya matope na malaria, njia zikiwa hazipitiki kwa magari hata chakula kikawa chadondoshwa kwa ndege. Mwanzoni mwa Desemba 1944 wakaitwaa Kalewa, na mto Chindwin ukavukwa.

Kwa mhakiki wa prosodia habari hizi si mapambo. Mtenzi aliyekaa mezani huhesabu mizani kwa vidole. Mtu atembeaye na mzigo mgongoni huhesabu kwa miguu na kwa pumzi. Mshororo wa wimbo wa safari hauwezi kuwa mrefu kuliko pumzi ya mtu aliyechoka. Ndiyo maana ni mfupi, na ndiyo maana hurudiwa. Kiongozi huanzisha, kundi huitikia, na katika muda wa kiitikio kiongozi hupata mambo mawili: kupumua, na kutunga mshororo unaofuata. Marudio ambayo mhakiki wa vitabu angeyaita ufukara wa maudhui ni nafasi ya kazi ya mtunzi. Anayetunga papo kwa papo hawezi kufanya kazi bila nafasi hiyo, kama fundi asivyoweza kufanya kazi bila meza.

Lugha nayo ilitengenezwa na tukio. Katika brigedi moja tu ya Divisheni ya 11, Brigedi ya 21, palikuwa na batalioni ya Nyasaland, batalioni ya Uganda na askari wa Rhodesia ya Kaskazini. Watu hawa walikutana katika Kiswahili cha jeshi, kile kilichoitwa KiKAR, ambacho upatanisho wake wa kisarufi ulikuwa umesawazishwa kama barabara iliyopitiwa na tingatinga. Katika KiKAR mtu aliweza kusema watu mingi na asisahihishwe na yeyote. Tangu Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka wa 1930, usanifishaji umetuzoeza kukiona Kiswahili cha namna hiyo kuwa makosa, na nadhani mazoea hayo ndiyo sababu mojawapo ya nyimbo hizi kutoingia katika mitalaa yetu. Lakini jaribu kuwaimbisha watu mia wa lugha kumi kwa ngeli kamili. KiKAR kilipunguza vya kupatanishwa ili sauti zipatane. Kilikuwa lugha duni kwa utenzi. Kwa wimbo wa safari kilikuwa lugha hasa.

Sasa tuutazame wimbo mmoja, ule ujulikanao kuliko zote na ambao ulifanywa gwaride rasmi la KAR. Jina lake huzunguka kwa sura mbili: Funga Safari na Tufunge Safari. Mwanahistoria hatajali tofauti hiyo. Mwanafunzi wa sarufi hana budi kuijali. Sura ya kwanza ni amri inayomwelekea mtu mmoja, kutoka kwa mtu aliye juu yake. Sura ya pili ina kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, na ni maneno ya watu wanaoshauriana: haya jamani, na tuondoke. Wimbo umeishi katika sura zote mbili bila kuchagua, na kwa maoni yetu haukuweza kuchagua, kwa kuwa askari alikuwa katika sura zote mbili. Aliamrishwa, na papo hapo alikuwa pamoja na wenzake waliokuwa wakijihimiza.

Kisha wimbo huo huuliza: safari hii imeamriwa na nani? Hilo ni swali zito. Jibu lake hutaja cheo cha afisa, kisha jina la kikosi. Halimtaji Mfalme. Halitaji Uingereza, wala Wajapani, wala uhuru ambao Shaaban Robert aliuandika katika jina la utenzi wake. Halitoi sababu yoyote. Linamtaja mwenye kuamuru, basi. Wakati huo vikosi vya KAR viliongozwa na maafisa Wazungu, na Mwafrika aliyepanda vyeo aliishia chini ya kamisheni. Kwa hiyo cheo kinachotajwa ni cha mtu asiyekuwa miongoni mwa waimbaji. Afisa anayetembea kando ya mstari asikiapo cheo chake kikiimbwa na mamia ya watu, hufurahi, na ana haki ya kufurahi: anasikia utii. Waimbaji, kila waulizapo swali lile, wanajikumbusha kwamba safari si yao. Maneno ni yaleyale. Hakuna fumbo lililofichwa wala lugha ya siri. Kuna hadhira mbili tu, na kila moja imepewa wimbo wake.

Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China, alikuwa mmoja wa askari wa KAR waliopelekwa Burma. Katika kumbukumbu zake zilizotoka 1967 anasimulia jinsi askari mmoja Mwingereza alivyomuuliza kwa nini Waafrika wanapigania himaya ya watu wengine. Itote asema swali hilo lilimkaa moyoni, na wasomaji wengi wamelichukua kuwa mwanzo wa safari yake ya kisiasa. Pengine ndivyo. Lakini msomaji aliyeusikiliza wimbo wa safari ataona kuwa swali la kumtafuta mwenye amri lilikuwa vinywani mwa askari tayari, likiimbwa kwa mguu wa kushoto na wa kulia, kabla Mwingereza yule hajalileta katika mazungumzo. Hatusemi kuwa kila aliyeimba alikuwa Itote. Tunasema tu kwamba wimbo uliliweka swali mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuliokota, na wengi, bila shaka, walilipita.

Hapa yafaa tahadhari. Wanafunzi wetu wa uzamili wakipewa wimbo wowote wa enzi za ukoloni huanza kutafuta ukinzani kabla ya kuhesabu mizani. Ni ugonjwa ulioambukizwa na walimu wao. Clayton aliona utii. Sisi, kwa kumpinga, tungependa kuona uasi. Na kati ya utii na uasi tunaipoteza furaha. Watu wale walipenda kuimba. Kuimba kulipunguza uzito wa mzigo, kulipima njia, kulimfanya mtu wa Nyasaland na mtu wa Ukambani wawe na kifua kimoja kwa muda wa maili kadhaa. Nadharia yoyote ya nyimbo za vita isiyoweza kueleza kwa nini mtu mwenye homa, katika matope ya nchi asiyoijua, ataka kuitikia kwa sauti, ni nadharia ya vitu vingine.

Furaha hiyo ilikuwa na nasaba, na hapa ndipo Ranger anapotusaidia kuliko alivyokusudia. Beni ilizaliwa katika miji ya Pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Vijana wa mitaa walizitazama bendi za kijeshi za wageni wakazigeuza kuwa ngoma ya mashindano, yenye maringo, sare, vyeo vya kubuni na mistari ya gwaride. Vita Vikuu vya Kwanza vikaichukua. Vyama vya Marini na Arinoti vilienezwa na askari na wapagazi wa pande zote mbili, pamoja na watu wa Kariokoo ambao jina lao lingaliko sokoni Nairobi na Dar es Salaam. Baada ya 1918 maafisa wa Kiingereza waliichunguza beni kwa wasiwasi, wakashuku kwamba nyuma ya vyeo vile vya ngomani palikuwa na jeshi la kweli au chama cha siri. Tusiwacheke upesi. Walikuwa wamesikia kitu, ila hawakujua walikuwa wakisikia wimbo wa nani.

Kwa hiyo kijana aliyeandikishwa KAR mwaka wa 1940 au 1942 hakufundishwa na jeshi kwamba gwaride lina raha. Katika nchi alikotoka, gwaride lilikuwa limekuwa ngoma kwa karibu miaka hamsini. Babu zake waliliiba kutoka kambini wakalipeleka uwanjani. Yeye alilirudisha kambini likiwa limeshajifunza kucheza. Tunaposoma kwamba maafisa walivutiwa na namna askari wao walivyotembea wakiimba, na wakauona uimbaji huo kuwa tunda la mafunzo mema, yatupasa kukumbuka njia ndefu ambayo tunda hilo lilipita kabla ya kuwafikia.

Jioni kambini mambo yalikuwa mengine. Hapo kila kundi lilicheza ngoma ya kwao, kwa lugha ya kwao, na KiKAR kilipumzika. Nyimbo hizo hazikuwa na hadhira mbili, nami sina mengi ya kuzisemea hapa. Zinahitaji wahakiki wazijuao lugha zake, na ni matumaini yangu kwamba wapo.

Muziki wa tatu ulikuwa wa jukwaani. Jeshi liliunda kikosi cha burudani ndani ya KAR, na katika historia yake jina la Peter Colmore hutajwa daima. Wanamuziki wa Kenya, Uganda na Tanganyika walivaa sare, wakapewa magitaa badala ya bunduki, wakazungushwa Ceylon, India na Burma kuwatumbuiza wenzao. Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyezaliwa 1924, alikuwa mmoja wao. Vita vilipokwisha baadhi yao waliendelea pamoja kwa jina la Rhino Band, wakapiga Kampala kisha Mombasa hadi bendi ilipovunjika mwishoni mwa miaka ya 1940. Kutoka hapo muziki wa dansi wa Kenya ukashika njia yake: santuri, redio, gitaa la umeme, na Konde mwenyewe akaishi na kupiga hadi alipofariki mwaka wa 2000.

Muziki huu ndio pekee wenye majina. Unaandikika kwa urahisi kwa kuwa una wasanii wanaotajika, tarehe na santuri, na waandishi wa historia ya muziki wa dansi wameupenda kwa sababu hiyo. Lakini kwa mtazamo wa fasihi simulizi, jukwaa lilifanya jambo moja kubwa ambalo halijasemwa vya kutosha: lilimtenga fanani na hadhira. Katika wimbo wa safari hakuna aliyekaa. Katika tamasha la kikosi cha burudani, yule aliyeimba Kabaw asubuhi alikaa chini jioni akapiga makofi. Na aliyekuwa jukwaani, ijapokuwa alikuwa Mwafrika na aliimba Kiswahili, aliimba kwa ratiba iliyopitishwa. Jeshi lililochapisha magazeti ya askari kwa Kiswahili, kama Askari na Heshima, lilijua vizuri thamani ya maneno yaliyopita mikononi mwa mhariri. Jukwaa lilikuwa mhariri wa aina hiyo. Sidai kwamba muziki wake ulikuwa mbaya. Ulikuwa mzuri, na masikio ya Nairobi na Mombasa ya miaka ya 1950 yaliufaidi. Nadai kwamba ulikuwa na hadhira moja, na kwamba dansi ililazimika kuitafuta tena ile hadhira ya pili kwa njia nyingine, ukumbini, pale msikilizaji alipoinuka kucheza.

Yabaki tatizo la matini. Kila wimbo wa safari uchapwapo, kiitikio huandikwa mara moja, na pembeni huwekwa ishara ya kurudia. Mishororo ya kiongozi huchaguliwa miwili au mitatu iliyo bora, au iliyo salama, na mingine huachwa. Tunachokipata ni shairi dogo lenye mistari minne au mitano, linaloonekana maskini kando ya beti 3,000 za Shaaban Robert. Ulinganisho huo si wa haki. Utenzi ule una mwanzo na mwisho, na kila nakala yake ni sawa na nyingine. Wimbo wa safari uliisha pale safari ilipoisha, na kesho yake ukaanza na mishororo mingine. Mhariri wa baadaye, kama atatokea, hatakuwa na nakala moja sahihi ya kuirejesha. Atakachoweza kukifanya ni kuziweka sura zote zilizopatikana kando kwa kando, pamoja na jina la mahali ilipoimbiwa kila sura, bila kuzisahihisha ngeli na bila kuchagua kati ya Funga na Tufunge.

Kazi hiyo imechelewa. Vijana walioandikishwa wakiwa na miaka ishirini wakati ule, wachache mno waliosalia wamepita umri wa miaka mia. Batalioni za KAR zenyewe zilikabidhiwa serikali za nchi huru kati ya 1961 na 1964 na kubadilishwa majina, na hapo kikosi kilichotajwa katika jibu la wimbo kikawa hakipo tena. Wimbo haukukoma kwa sababu hiyo. Jinsi waimbaji wa miaka iliyofuata walivyolijaza pengo lile katika jibu, na kwa jina la nani, ni jambo ambalo mtafiti mmoja mwenye kinasa sauti angeweza kulishughulikia katika kambi za Kenya, Uganda na Tanzania, mradi apewe ruhusa ya kuingia.